Sumu za Kijito Kamimbi

Watu wa Kasongo walijua kwamba Madamu Laetitia, mwalimu wa kemia, hana adabu kwa upuuzi. Kwa watu alikuwa na adabu tele. Aliwasalimia wazee kwa kuinama, alipeleka chakula msibani kabla ya kuombwa, na kanisani aliketi mbele na kuimba kwa sauti kubwa kuliko uzuri wake. Lakini mtu akimletea neno lisilo na miguu, alilikata palepale. Mganga mmoja alipotandaza chupa zake sokoni, akadai dawa ileile inatibu malaria, kisukari na utasa, Laetitia alimuuliza mbele ya wateja: "Papa, mutu aliyepona iko wapi? Tumusalimie." Mganga akakunja turubai. Wanasema alihamia Kabambare, na huko biashara yake inakwenda vizuri sana, maana upuuzi haufi kwa kuaibishwa mara moja.

Alizaliwa kijiji cha Lusangi, katika ukoo wa wakulima. Mama yake, Mama Rosine, alimsomesha kwa muhogo: kuupanda, kuung'oa, kuuloweka katika kijito Kamimbi mpaka uchungu utoke, kuuanika, kuutwanga na kuuza unga. Kwa unga huo Laetitia alifika Kisangani, akarudi na shahada ya kemia, akakuta kwamba kutoka Kasongo hadi Kabambare hakuna maabara hata moja inayomhitaji. Akapewa chaki. Alifundisha tindikali na alkali kwa ndimu na jivu, na mizani ya shule ilipovunjika aliombwa aichore ubaoni. Aliichora. Aliyeomba ni mkurugenzi wa shule, naye alisema mchoro ni mzuri kuliko mizani.

Jumapili moja, baada ya misa, redio ilitangaza habari ya Kamimbi.

Watafiti walikuwa wamepita Lusangi wakati wa kiangazi, wakachota maji kwenye chupa za plastiki na kuyapeleka Ulaya kwenye mashine kubwa. Sasa ripoti imetoka. Mtangazaji aliisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza vita: kemikali zaidi ya mia mbili zimegunduliwa katika kijito Kamimbi, zikiwemo dawa ya kuua wadudu, dawa za kutuliza wagonjwa wa akili, na kitu kinachotumika kutengenezea plastiki. Wananchi wawe waangalifu. Kisha akaweka muziki.

Wananchi wakawa waangalifu. Bakari, mfanyabiashara aliyenunua unga wa Lusangi na kuupeleka Kasongo, alipita kwa pikipiki bila kuzima injini. "Mama Rosine, unisamehe," alisema. "Unga ya hapa ililowekwa ndani ya sumu. Watu hawataki." Jirani mmoja alimwaga mavuno yake yote chooni. Wanawake wakaanza kupanda mlima kutafuta chemchemi, wanarudi jua limekwisha chakula hakijapikwa. Mwanamke aliyekuwa amefiwa na mtoto mwaka uliopita aliambiwa na wakwe zake kwamba sasa wanajua nani alimuua: ni yeye, kwa maji aliyochota.

Laetitia aliposikia hayo alichukua pikipiki ya kukodi, akafika Lusangi na matope mpaka kwenye nyusi. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kikapu kilichojaa muhogo, hajui aupeleke wapi.

"Wewe si ulisoma mambo ya dawa?" Mama Rosine alimuuliza hata kabla ya salamu. "Sema basi. Iko sumu ama hapana?"

"Sijui, Mama."

"Na muhogo yote ile niliyotwanga, hujui?"

"Na wao hawajui. Tofauti ni kwamba mimi nasema."

Mama yake akatikisa kichwa. Jibu kama hilo haliuzi unga.

Basi Laetitia akaitafuta ripoti. Hakuitafuta mbali. Ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa Bienvenu, mnunuzi wa dhahabu aliyekuja kutoka Kivu na kujenga duka lake juu kidogo ya kijito. Nyuma ya duka, Bienvenu alichoma zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha ambayo wachimbaji wanayachanganya na mchanga ili yakamate dhahabu. Zebaki ikipigwa na moto inapanda kama moshi, dhahabu inabaki, na moshi unashuka popote upepo unapopenda. Redio ilipotangaza sumu, Bienvenu alilala na hofu kwamba ataonyeshwa kidole. Kisha mwanawe akamtafutia ripoti kwenye simu, wakaisoma jina kwa jina, na zebaki haikuwemo. Bienvenu aliichapisha kwa gharama yake, akaibandika mlangoni, na juu yake akaandika kwa kalamu nyekundu: ZEBAKI HAIKUPATIKANA.

"Madamu, karibu usome," alisema kwa furaha. "Sumu mia mbili, na ya kwangu haiko. Wazungu wenyewe wamesema niko safi."

Laetitia alisoma akiwa amesimama. Ukurasa wa kwanza: picha ya Hervé, kiongozi wa watafiti, amevaa buti mpya, ameinamia maji kama padri anayebatiza. Alimkumbuka, maana ni mtoto wa Kasongo, mpole, siku hizi anafanya kazi katika kituo cha utafiti cha mji wa mbali. Ukurasa wa pili: picha ya mashine. Baada ya hapo majina, majina, majina. Alitafuta neno moja la kusema kila jina lina uhakika gani. Hakuna. Alitafuta kama walibeba chupa ya maji safi, wakaifungua na kuifunga kandokando ya kijito sawasawa na zile nyingine, ili ijulikane ni kipi kilitoka kwenye maji na kipi kilitoka kwenye chupa yenyewe. Hakuna. Alitafuta mahali wanaposema mashine yao haioni nini. Huko ndiko alikoanza kucheka, cheko kavu la pua lililowaita hata waliokuwa wanapita njia.

"Unacheka nini, Madamu?" Bienvenu aliuliza.

"Nacheka mutu aliyefunga macho akahesabu nyota."

Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wamesimama, akawaeleza. Mashine hiyo haikuulizwa kama sumu fulani imo. Iliambiwa tu: tega wavu, chochote kitakachonaswa ukipe jina. Basi inapima kitu uzito wake, inakivunja vipande, inakwenda kwenye maktaba yake kutafuta kinachofanana. Ikimkosa mwenyewe, inamchukua ndugu yake, au jirani yake, au mtu aliyevaa shati kama lake.

"Unaona mutu kwa mbali, anakupa mgongo, ni mrefu, amevaa kofia. Unapiga kelele: Bakari! Labda ni Bakari. Labda ni kofia tu. Mwenye heshima ataandika: nimeona mrefu mwenye kofia. Hawa wameandika Bakari, na jina la baba yake, na kijiji chake."

Watu wakacheka. Bienvenu hakucheka. "Lakini zebaki haikuonekana," alisema.

"Wavu ya samaki haikamati moshi, ndugu yangu. Ile mashine haioni zebaki hata ukiijaza mpaka shingoni. Haikukuondolea kosa. Haikukuangalia hata kidogo."

Ilikuwa hivi basi: wanawake waliolowesha muhogo walihukumiwa na mashine kwa kitu ambacho pengine hakimo, na mwenye moshi akaachiwa huru na mashine ileile kwa kitu ambacho haikuwa na macho ya kukiona. Laetitia alirudi Kasongo akiwa na hasira iliyomfanya asahau njaa.

Hervé mwenyewe alikuwa njiani. Aliitisha semina mjini Kasongo ili kuitambulisha ripoti kwa wakubwa. Palikuwa na bango, maji ya chupa, maandazi, na fulana nyeupe zilizoandikwa OKOA KAMIMBI, ambazo ziliwaenea wakubwa wote isipokuwa wenye matumbo. Mkubwa mmoja aliwapongeza watafiti kwa kupata kemikali nyingi kuliko mkoa wa jirani. Mwingine aliuliza kama mwaka ujao wanaweza kupata mia tatu. Wakapigiwa makofi wote wawili.

Laetitia aliinua mkono. "Chupa ya maji safi mliibeba?"

Hervé alirekebisha miwani. "Dada, haya ni mambo ya kitaalamu kidogo."

"Ndiyo yaliyonileta. Mliibeba?"

"Muda haukuturuhusu..."

"Na kila jina, mna uhakika gani nalo? Kuna jina hata moja mlilolilinganisha na dawa yenyewe halisi, kwenye mashine ileile?"

Mwenye kuongoza mkutano akasema wakati wa maandazi umefika.

Lakini Hervé alimfuata nje. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimkera Laetitia zaidi, maana mtu mbaya angalau anamrahisishia mwenzake kazi ya kumchukia. Alisimama kandokando ya ukuta, fulana imembana, akasema ukweli kwa sauti ya chini. Safu ya uhakika ilikuwepo kwenye jedwali. Wale wa Ulaya waliiweka. Yeye ndiye aliyeitoa.

"Juu ya nini?"

"Ilifanya jedwali kuwa pana mno. Halikuingia kwenye ukurasa."

"Mwanamke Lusangi anaambiwa aliua mutoto wake," Laetitia alisema, "kwa sababu jedwali lako lilikuwa na tumbo."

Andazi lilibaki mkononi mwa Hervé.

"Tutarudia," Laetitia alisema. "Tutachota tena, na safari hii kila kitu kitaandikwa: tulichokiona, tulichokidhani, na tusichoweza kukiona. Ukikataa nitawaandikia wale waliochapisha ripoti yako, na nitaandika vizuri. Unajua naandika vizuri."

Alijua. Shuleni alikuwa akinakili kwake.

Wakaenda Lusangi pamoja, kila mmoja kwenye pikipiki yake, na sanduku la chupa za kioo zilizooshwa na kuchomwa kwenye tanuri ya mwokaji mikate. Walipofika karibu na Kamimbi, Hervé alishuka, akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya kufukuza mbu, akaanza kujipaka mikono mpaka kwenye viwiko, bila kufikiri, kama mtu anavyofanya ishara ya msalaba. Harufu yake ilitangulia mpaka kwa Laetitia.

"Na mara ile ya kwanza ulijipaka?"

"Kila siku. Mbu wa hapa ni..." Akakigeuza kichupa, akasoma maandishi madogo ya mgongoni. Ile dawa ya wadudu, ya kwanza kabisa kwenye orodha, ile iliyosomwa redioni kwa sauti ya vita, ilikuwa imeandikwa pale waziwazi.

Laetitia alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi. Alicheka hadi machozi, akamwonyesha kijito, akamwonyesha mikono yake, akashindwa kusema. Hervé alisimama na mikono yake yenye kung'aa ameitenga na mwili, kama mtu aliyeshika mavi.

"Basi tufute ile," Hervé alisema. "Tuandike ilitoka kwangu."

"Hapana." Laetitia alijifuta machozi. "Unataka kurukia jibu tena? Hujui kama ilitoka kwako. Unadhani. Andika unadhani. Kaa mbali na maji, chupa safi itaamua."

Akachota yeye mwenyewe. Na zile chupa za maji safi alizifungua mwenyewe kwenye ukingo, akazifunga mwenyewe, kwa kiburi kidogo, kama mama anayeonyesha wakwe jinsi ya kusonga bugali.

Majibu yalichukua muda, kama kila kitu kinachotoka mbali kuja mkoa wa Maniema. Yalipokuja, Hervé alipiga simu wakati wa mapumziko ya shule. Dawa ya wadudu, hakuna. Kile kitu cha plastiki kilikuwemo, lakini kilikuwemo vilevile kwenye chupa safi. Basi kilitoka kwenye vifuniko, si kwenye kijito. Dawa za wagonjwa wa akili zilipolinganishwa na dawa halisi, hazikufanana. Kati ya zile mia mbili zilisimama chache, za kuhesabu kwenye vidole: mabaki ya sabuni, dawa ya kushusha homa, vitu vya aina hiyo, vilivyotoka kwa wachimbaji wanaooga na kuugua juu ya kijito. Nyingine zilibaki bila jina. Ziliandikwa tu: kitu chenye uzito huu, basi.

"Na kuna jambo lingine, dada," Hervé alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha asiyoificha vizuri. "Kwenye chupa safi kuna manukato. Ya maua. Yako kwenye chupa zote ulizofungua. Mimi sijipaki maua."

Laetitia alitazama mikono yake. Hajawahi kutoka nyumbani bila mafuta ya mwili, hata siku ya mazishi. Siku ile ya Kamimbi alijipaka alfajiri, akapanda pikipiki akinukia, akaenda kumfundisha mtu mwingine usafi. Watoto walikuwa wanacheza mpira nje; mmoja alifunga goli na wote wakapiga kelele, naye akahisi wanamzomea yeye.

"Uko hapo?" Hervé aliuliza.

"Iandike."

"Naweza kusema tu, chanzo hakijulikani..."

"Kinajulikana. Andika: chupa zilifunguliwa na mwalimu wa kemia aliyejipaka mafuta. Kwa hiyo manukato yote yaondolewe, hata kama yalikuwemo majini kweli, maana sasa hatuwezi kujua. Na usicheke."

Alikuwa ameshacheka. Kwa siku kadhaa baada ya hapo Laetitia hakumdharau mtu yeyote, mpaka wanafunzi wakauliza kama ni mgonjwa.

Aliponyanyuka tena, alinyanyukia kwenye neno moja. Alitaka ripoti mpya iseme hivi: njia hii haioni zebaki, kukosekana kwake humu si ushahidi kwamba haimo majini. Hervé alikubali, akaliweka mwishoni, kwa herufi za kuwafaa siafu. Laetitia alilirudisha ukurasa wa kwanza, mahali pa picha ya buti. Walibishana kwa simu mpaka vocha ikaisha, na picha ikaondolewa.

Ripoti ilisomwa Lusangi kwenye uwanja wa kanisa. Usidhani watu walishangilia. Walikuja kusikia hukumu, wakapewa mizani.

"Madamu," chefu wa kijiji aliuliza, "kwa ufupi. Sumu iko ama haiko?"

"Zile za redio, chefu, hazikuthibitika. Sabuni na dawa ya homa ziko, kidogo. Zebaki haikutafutwa."

"Kwa hiyo hamujui."

"Tunajua tusichokijua. Mara ya kwanza hata hilo halikuwepo."

Watu wakanung'unika. Mtu mmoja alisema kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa nene zaidi, na kwa pesa zilezile. Redio ilipelekewa nakala; ikajibu kwamba haina habari ndani yake. Bienvenu alisimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna mahali palipoandikwa kuwa yeye ametia zebaki kijitoni.

"Ni kweli," Laetitia alisema. "Haikuandikwa. Wala haikuandikwa kwamba hukutia. Toa ile karatasi mlangoni."

Hakuitoa. Ndipo Mama Rosine, aliyekuwa amekaa upande wa wanawake, akainuka. Hakuwa na neno la kemia. Aliinua kikapu chake, na wenzake wakainua vya kwao, wakapanda mpaka nyuma ya duka la Bienvenu, wakavitua kuzunguka jiko lake la kuchomea.

"Baba, unasema ni safi," alimwambia. "Tumekubali. Leo choma ndani ya nyumba. Funga mlango na madirisha, na ukae humo na muke yako na watoto. Sisi tutangoja hapa."

Mke wa Bienvenu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alimtazama mumewe. Akapita ndani mpaka mlango wa mbele, akarudi na karatasi yenye wino mwekundu, ameichana mara mbili. Wiki hiyohiyo jiko lilihamishwa mbali na nyumba na mbali na maji, Bienvenu akilalamika kila hatua kwamba wanamwonea mgeni.

Bakari naye alirudi kununua. Hakurudi kwa sababu ya ripoti. Barabara ilikatika upande mwingine na Kasongo walikosa unga. "Nilijua tangu mwanzo ile redio inadanganya," alisema akifunga mifuko. Mama Rosine alimpandishia bei bila kupepesa jicho, naye akalipa.

Kuhusu zebaki, Laetitia na Hervé walipeleka matope, safari hii kwa mashine inayojua inachotafuta. Jibu lilikuwa fupi, na kando ya kila namba iliandikwa imepimwaje na inaweza kukosea kiasi gani. Chini ya mahali jiko lilipokuwa, matope yana zebaki, nyingi. Juu ya duka, karibu na mlima, haipo kwa kiasi ambacho mashine ingeweza kukipima. Hakuna semina iliyoitishwa juu ya jibu hilo, na wale wakubwa waliotaka mia tatu hawakuulizia.

Likizo ilipofika, Laetitia alikwenda kumsaidia mama yake kuhamisha mahali pa kuloweka muhogo, wakaupandisha juu, kupita mahali pa duka, mpaka penye mawe. Njia ilikuwa mbaya na kikapu kizito. Mama Rosine alisimama katikati ya mwinuko akashika kiuno.

"Hapa ni mbali, mwanangu."

"Ni mbali, Mama."

"Na huku juu una hakika?"

Laetitia alifikiri kwanza. "Kiasi," alisema. "Kuliko kule chini."

Mama yake aliguna, akainua kikapu, wakaendelea kupanda.